Chenga ya Ncha: Namna ya Kumjibu Mpinzani Katika Repia ya Kiitalia

Ndugu zangu, karibuni. Leo tuna swali moja kuhusu repia, upanga mrefu mwembamba wa kuchomea: mpinzani akikupiga chenga kwa ncha ya upanga, ufanye nini?

Ridolfo Capoferro, mwalimu wa upanga wa Italia aliyechapisha mafunzo yake Siena mwaka 1610, hakuzipenda chenga. Alisema ikipigwa nje ya masafa, yaani mahali ambapo upanga wake haukufikii, huna sababu ya kutikisika. Ikipigwa ndani ya masafa, mchome wakati yeye bado anadanganya. Kusema ni rahisi. Tabu ni kwamba chenga ya fundi, kama walivyoifundisha walimu wenzake Fabris na Giganti mwaka 1606, hukaribia kiasi kwamba usipoikinga inageuka pigo lenyewe. Kwa hiyo msikeshe mkibahatisha kama ni kweli au uongo. Tafuteni jibu linalofaa kwa vyote viwili.

Tazameni hapa. Mwenzangu ananyoosha ncha kuelekea jicho langu la kulia, upande wa nje wa upanga wangu, yaani kulia. Nageuza kiganja kiangalie chini, nafasi ya pili, seconda. Mkono unasogea kulia kama upana wa vidole vinne, basi. Sehemu nene ya upanga wangu, ile iliyo karibu na mpini, inakutana na sehemu yake dhaifu karibu na ncha, na ncha yangu bado inamwangalia yeye. Ilikuwa kweli? Amejichoma mwenyewe. Ilikuwa chenga? Atapitisha ncha chini ya mpini wangu aje kifuani, upande wa ndani, yaani kushoto. Ncha yake ikiwa bado inazunguka nageuza kiganja juu, nafasi ya nne, quarta, nanyoosha mkono, kisha ndipo mguu. Mguu ukitangulia mkono, nimempelekea kifua.

Sasa kosa lenyewe. Nakinga kwa shubiri nzima, tena kwa kifundo cha mkono. Mnaona ncha yangu inaangalia wapi? Ukutani. Upanga una zaidi ya mita moja. Kifundo kikipinda kidogo tu, ncha inakwenda karibu nusu mita, na hakuna muda wa kuirudisha. Hicho ndicho mpinzani alichokuwa akikiomba.

Akiwa mbali, yaani hata kwa hatua ndefu hakufikii, mwacheni apunge hewa.

Mkono wa kushoto ukae wazi karibu na shavu, usukume ncha iliyopenya. Usiutangulize, wengi hutobolewa kiganja hivyo.

Zoezi: kofia ya wavu, kinga ya koo, koti nene, mpira kwenye ncha. Mwenzako akupige mara 10, saba chenga na tatu za kweli, akizichanganya. Raundi ya kwanza miguu isitoke mahali pake. Akikuchoma kifuani mara mbili mfululizo, usihangaike na kinga ya pili. Pima ile ya kwanza: mkono ulisogea zaidi ya vidole vinne.