Jinsi Tunavyopima Risasi Iliyomo Udongoni

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mashine inaionaje risasi, ile metali, kwenye udongo ambao jicho halioni kitu?

Inaiona kwa taa. Kathodi ya taa hiyo, yaani ncha yake hasi ya umeme, imetengenezwa kwa risasi, kwa hiyo inatoa mwanga uleule ambao atomi za risasi huufyonza. Mimi hutumia wimbi la mwanga lenye urefu wa nanomita 283.3; lile la 217.0 huweza kunasa hata risasi iliyo chache zaidi, ila usomaji wake huyumba. Myeyusho wa udongo hupulizwa kama ukungu kwenye moto wa hewa na asetilini, wenye nyuzi joto zipatazo 2,300. Humo atomi huachana, humeza sehemu ya mwanga, nasi tunapima kilichopungua. Njia hii aliieleza Alan Walsh, akiwa Australia, mwaka 1955.

Kazi ngumu iko kabla ya moto. Udongo ulio chini ya ukuta unaobanduka rangi ya zamani unaweza kujaa risasi, na hatua kumi mbele pakawa salama. Ukichota mahali pamoja umepima bahati yako. Chota penye sehemu nyingi, changanya, kausha, chekecha kwa chekeche la milimita 2, kisha saga.

Pima gramu 1, chemsha na asidi ya naitriki ndani ya kabati la kuvuta moshi, chuja, jaza maji mpaka mililita 50. Asidi hii haivunji madini ya silika, kwa hiyo risasi iliyofungwa humo haitahesabiwa. Kwa mtoto anayetia mkono wenye udongo mdomoni, inayotutisha zaidi ni ile inayotoka kirahisi.

Mashine ikisoma miligramu 4 kwa lita, zidisha kwa 50, gawanya kwa gramu 1: miligramu 200 kwa kilo.

Sasa nisikilizeni hapa. Kila mara chemsha pia chupa moja yenye asidi bila udongo. Hiyo nayo ikionyesha risasi, imetoka kwenye vyombo au kwenye asidi yenyewe. Wengi huitoa tu kwenye hesabu wakaendelea. Ikiwa nyingi, mimi nasema osheni vyombo kwa asidi, mrudie zote. Pimeni pia udongo sanifu, ambao kiasi chake cha risasi kinajulikana. Ukisoma pungufu, majibu ya siku hiyo hayatoki maabara, hata mwenye kiwanja akisubiri mlangoni.

Maswali? Tuanze na wale wa nyuma.