Mke wa Ayubu naye alikuwa mama

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wote, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie imani ya mama aliyefiwa na mtoto, na nimekubali kwa sababu mimi mwenyewe nimezika binti yangu. Alivyoondoka sitasimulia. Nataka tuzungumze juu ya yale yanayofuata kaburi likishafukiwa na wageni wakishaaga, maana hapo ndipo mama anapobaki yeye na Mungu wake.

Nianze na mwanamke tuliyemhukumu kwa karne nyingi: mke wa Ayubu. Akitajwa mimbarini, anatajwa kama mtu asiye na imani, aliyemwambia mumewe amkufuru Mungu afe. Basi, habari yake imeishia hapo. Jina hakupewa, na maneno yake hayajai hata mstari. Lakini fungueni sura ya kwanza mhesabu: wana saba, binti watatu. Upepo umeipiga nyumba, imewaangukia, wote kumi wamekufa siku moja. Wale hawakuwa watoto wa Ayubu peke yake. Kuna tumbo lililowabeba, mmoja baada ya mwingine. Nimesikiliza mahubiri mengi sana kuhusu subira ya Ayubu. Sijasikia hata moja lililouliza yule mama aliupitishaje usiku ule.

Na kuna jambo ambalo mtu anaweza kulisoma mara kumi asilione. Katika kitabu kizima Mungu hamkemei mwanamke huyu. Aliyemkemea ni mumewe. Wanaokemewa na Mungu, mwishoni kabisa, ni Elifazi na wenzake wawili, wale marafiki waliokuja kufariji. Siku saba usiku na mchana walikaa chini pamoja na Ayubu bila kusema neno, na hapo walikuwa wafariji kwelikweli. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Walikuwa na majibu. Walimtetea Mungu kwa maneno mazuri, na Mungu akasema hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu, yule yule aliyeilaani siku yake ya kuzaliwa na kudai asikilizwe.

Ndiyo maana nasema mama anayemlilia Mungu kwa hasira na maswali bado yuko na Mungu. Asiye na imani angemwuliza nani?

Sasa tuseme ukweli kuhusu maneno yetu. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Mungu amempenda zaidi." "Usilie sana, unamzuia asipumzike." "Bado una nguvu, utazaa mwingine." "Shukuru una wengine." Najua yanasemwa kwa upendo, na mara nyingi kwa hofu, kwa sababu kukaa kimya mbele ya mama anayelia ni kazi ngumu. Lakini sikilizeni yanavyoingia masikioni mwake. Ukimwambia Mungu amempenda zaidi, anajiuliza: kwani upendo wangu ulipungua wapi? Ukimwambia machozi yake yanamtesa marehemu, umemwongezea hatia juu ya msiba: sasa ni mama aliyeshindwa kumlinda mwanawe akiwa hai na anayemsumbua akiwa amekufa. Hilo la mwisho linaniuma kuliko yote. Sijui andiko linalolibeba.

Ndugu zangu Waislamu wanalo jibu lake. Mwaka 632 Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe Ibrahim, mtoto wa Maria, aliyekuwa bado mchanga. Machozi yalimtoka mbele ya watu. Mmoja wa masahaba akashangaa: hata wewe? Akamjibu kwamba hiyo ni rehema, kwamba jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, na kwamba hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Siku hiyo hiyo jua lilipatwa, watu wakasema ni kwa ajili ya kifo cha mtoto. Akakataa: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Fikirini hapo. Baba amefiwa, watu wanampa maana kubwa, mbingu nzima inamwomboleza mwanawe, naye haipokei. Analia tu. Na nabii Yakub katika sura ya Yusuf alihuzunika mpaka macho yakawa meupe. Watoto wake walipomlaumu kwamba hataacha kumkumbuka Yusuf, aliwajibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Hakusema ameacha kushitaka.

Niseme kidogo kuhusu mwili, kwa sababu mara nyingi tunafanya kana kwamba huzuni inakaa rohoni tu. Mama aliyejifungua mtoto mfu, au mtoto aliyeishi saa chache, mwili wake hauambiwi. Kondo la nyuma likishatoka, homoni zinashuka, na siku ya pili, ya tatu au ya nne maziwa yanaingia. Kifua kinajaa, kinakuwa kigumu, kinauma. Akisikia mtoto wa mtu mwingine analia, maziwa yanachuruzika yenyewe. Amekaa sebuleni na wageni, blauzi imelowa, anainuka kwenda kubadilisha, anarudi, mtu anamwambia ajipe moyo. Wauguzi mlioko hapa, nawasihi: mwambieni kabla hajatoka hospitali. Mwambieni yatakuja, afanye nini yakija, na kwamba kuna msaada. Asikutwe nalo akiwa peke yake bafuni usiku.

Jambo jingine la mwili lilinifariji kuliko hotuba nyingi. Wakati wa ujauzito seli za mtoto huvuka na kuingia kwenye damu ya mama. Mwaka 1996 daktari Diana Bianchi na wenzake nchini Marekani walichapisha kwamba walikuta seli za watoto wa kiume katika damu ya mama zao, kwa mmoja wao miaka 27 baada ya kuzaa. Hizo ni seli, sisemi ni roho, wala sijengi dini juu yake. Lakini mtu akiniambia nimwachilie mtoto wangu, kuna sehemu yake ambayo hata nikitaka sijui ningeiachiliaje.

Maana ushauri huo wa "mwachilie, songa mbele" una historia. Wengi tumesikia zile hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni kubwa, kukubali. Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Baadaye watu wakawavika wafiwa hatua hizo kama ratiba, na mama akirudi kwenye hasira mwaka wa sita anadhani ameshindwa mtihani. Mwaka 1996 watafiti Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walileta hoja tofauti: kwamba wafiwa wengi hawakati uhusiano na marehemu wao, wanaubadilisha, na huo si ugonjwa. Klass alikuwa amekaa miaka mingi na wazazi waliofiwa na watoto. Aliyoyaona kwao ndiyo ninayoyaona kwa akina mama tunaokutana nao.

Na uhusiano huo unaishi katika kumkumbuka mtoto. Mama anaulizwa na mgeni, una watoto wangapi? Swali la kawaida kabisa, na yeye anasimama. Akisema wawili, amemkana mmoja. Akisema watatu, ataulizwa huyu wa tatu yuko wapi. Mimi nimechagua: nasema watatu, mmoja ametangulia. Mgeni akikosa la kusema, sawa, tunyamaze pamoja. Wengine wanajibu wawili, wanamtaja wa tatu kimoyomoyo njiani. Siwalaumu. Ila ninyi mnaomjua mama huyo, litajeni jina la mtoto. Mnaogopa kumkumbusha. Hajasahau! Ukilitaja jina unamwambia kwamba kuna mtu wa pili duniani anayelibeba.

Nguo zake, madaftari yake, kandambili zake mlangoni: visiondolewe na shangazi mwenye nia njema wakati mama amelala. Ataondoa mwenyewe, au atabaki na kimoja. Harufu ikishafuliwa hairudi. Wapo wanaofunga siku ya kuzaliwa kwake, wanaotoa sadaka kwa jina lake, wanaosoma hitima au kumwombea ibadani kila mwaka. Jumapili ya pili ya Desemba, saa moja jioni kwa saa za kila nchi, wazazi waliofiwa duniani kote huwasha mishumaa, hivyo mwanga unapokezana kutoka nchi hadi nchi. Lolote kati ya hayo ni jema.

Lakini nisiwafiche. Ipo huzuni inayohitaji daktari. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022: shauku au huzuni kali isiyopungua kwa zaidi ya miezi sita, kupita kiasi kinachotazamiwa katika jamii na dini ya mtu, mpaka anashindwa kuishi. Mama asiyekula, asiyelala, anayesema anataka kumfuata mwanawe, hapelekwi kwenye maombi peke yake. Mpelekeni hospitali leo, na maombi mfanye mkiwa njiani.

Kuhusu kusali. Baada ya mazishi sikuweza. Nilikuwa napiga magoti, midomo haifunguki. Mama mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, wewe nyamaza, tutasali sisi mpaka utakapoweza." Na walisali, miezi mingi, bila kuniuliza nimefikia wapi. Nilipoanza tena, sala yangu ya kwanza haikuwa shukrani. Ilikuwa "kwa nini?" Bado naisali. Jibu sijapewa, na siku hizi kuna mengine pia ninayomwambia Mungu, nashukuru, naombea walio hai. Lakini swali lile sijalitoa kwenye sala zangu, na sioni kwamba ameniomba nilitoe.