Jembe Letu ni Ndoana

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi.

Ninyi mnaokaribia kustaafu, kikokotoo cha mafao, malipo ya mkupuo na fomu za kujaza mmeshaelezwa jana na wenye utaalamu wao, mimi sirudii huko. Nimeombwa niwaeleze maisha yenyewe yanavyokuwa baada ya karamu ya kuagwa. Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi nikiwa na miaka 60. Baba watoto, huyo aliyekaa pale nyuma, alikuwa fundi wa reli na alinitangulia kwa mwaka mmoja. Watoto wetu ni watatu: wa kwanza yuko Mwanza, wa pili ameolewa Iringa, kitinda mimba anafundisha Songea. Sisi tunaishi hapa hapa Morogoro.

Miezi ya mwanzo ilikuwa migumu. Mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri miaka thelathini na kitu haachi kuamka kwa sababu ya barua ya kustaafu. Tuliamka, tukanywa chai, tukatazamana. Halafu tukasema, basi twende tukawaone wajukuu.

Tulianza na Mwanza, na hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Tulipanda basi na mabegi mawili makubwa, tukapokewa kwa vigelegele, tukapewa chumba. Tulikaa siku 23. Hakuna aliyetukosea, wala mkwe wangu hakuninyima tabasamu hata siku moja. Usiku mmoja nikatoka kwenda msalani. Pale sebuleni, kati ya kochi na meza ya televisheni, nikamkuta mjukuu wangu wa darasa la saba amelala kwenye mkeka, daftari la hisabati liko chini ya shavu lake, taa inawaka. Chumba tulichopewa kilikuwa chake. Mtoto yuko kwenye maandalizi ya mtihani wa taifa, na kwa wiki tatu alikuwa hana mahali pa kusomea kwa sababu bibi na babu wamekuja kumpenda. Nilirudi kitandani nisipate usingizi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuwa nimewafundisha watoto methali hiyo ubaoni miaka yote, na kumbe sikuwahi kujiuliza kama inanihusu. Tuliporudi nyumbani nikamwambia mzee: kwa watoto tutaendelea kwenda, maana ndiyo furaha tuliyobakiwa nayo, ila lazima tutafute jembe letu.

Sasa, mimi ni mtoto wa Ziwa Nyasa, kule Liuli. Marehemu baba alikuwa mvuvi. Mtumbwini hakunipeleka, lakini aliniachia mshipi nikavua kutoka kwenye mawe, na mkono haukusahau. Baba watoto hajazaliwa majini, samaki alimjua kwenye sahani. Tukachukua sehemu ya akiba, tukanunua Noah iliyotumika, tukang'oa viti vya nyuma tukaweka godoro la inchi nne, mtungi mdogo wa gesi, ndoo mbili za maji, sanduku la dawa zake za presha, na kadi za bima ya afya kwenye mfuko usioloa. Mishipi, ndoana za namba tatu tofauti na chubwi za risasi nilinunua sokoni kwa bei ya kilo chache za nyama.

Safari ya kwanza ilikuwa Iringa kwa binti yetu, na tuliamua kupitia Dodoma ili tulale Mtera. Wengi wenu mmepita pale juu ya bwawa mkiwa kwenye basi, mkauziwa perege wa kukaanga dirishani. Bwawa lile lilijengwa kwenye Ruaha Mkuu kuhifadhi maji ya kuendeshea mitambo ya umeme ya Kidatu, baadaye nalo likafungwa mitambo yake ya megawati 80. Maana yake maji niliyotupia ndoana pale yanashuka hadi huku kwetu mkoa wa Morogoro. Jambo hilo lilinifurahisha sana.

Hatukufika na kujitupia tu. Tulikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akatuunganisha na afisa uvuvi na watu wa BMU, yaani kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi. Hata wewe wa mshipi mmoja uliza habari ya leseni, uliza mahali panaporuhusiwa, na uliza mamba wanakaa upande gani. Mtera ina mamba na viboko. Tulionyeshwa mahali pa juu, penye mwamba, na tukaambiwa jua likianza kuzama tuondoke.

Chambo chetu kilikuwa nyungunyungu. Kiboya nilikata kwenye kandambili iliyochakaa. Perege hamezi kwa pupa, anadonoa, kiboya kinatikisika kama mtu anayesita kubisha hodi. Ukivuta hapo umemkosa. Unangoja kizame kidogo na kuanza kwenda pembeni. Baba watoto alivuta mapema asubuhi nzima. Saa nne akapata mmoja, mkubwa kama kiganja, na uso wake siku ile nilikuwa sijauona tangu tulipopata mtoto wa kwanza. Mpaka saa sita tulikuwa na kumi na wanne.

Samaki wa safari anataka akili, kwa kuwa barafu huna na joto la Mtera mnalijua. Unampara hapo hapo, unatoa matumbo na mashavu yote, kwa sababu kuoza kunaanzia huko. Unamchanja mikato mitatu kila ubavu, unasugua chumvi mpaka ndani ya mikato, unamwacha avuje maji. Usiku unambanika juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, taratibu, mpaka ngozi iwe na rangi ya chai ya rangi na ukimgonga kwa kucha asikike mkavu. Tulikaa tunageuza samaki mpaka saa tano za usiku. Tuliongea mambo ambayo katika miaka 35 ya ndoa hatukupata nafasi ya kuyaongea. Kuna mtoto tuliyempoteza mwaka 1994, na usiku ule ndipo baba yake alipomtaja jina kwa mara ya kwanza. Sitasema zaidi ya hapo.

Kesho yake tukapanda mlima wa Nyang'oro, tukaingia Iringa na tenga la samaki. Nilivyolelewa mimi, mama mkwe hajilazi ovyo kwenye nyumba ya mkwewe wa kiume. Miaka yote nilikuwa nikienda kwa binti yangu nakosa raha, na mkwe naye anakosa raha, anakula haraka atoke. Safari hii tulilala kwenye Noah uani. Asubuhi mkwe akatuletea maji ya moto mwenyewe, akakaa kwenye ngazi ya gari akala perege na sisi. Nimekaa na mkwe wangu miaka tisa, na ile ndiyo mara ya kwanza tulizungumza bila mtu wa kututafsiria aibu. Siku ya tatu tukaaga. Binti akalia, na mimi nikajua tumeondoka wakati mzuri.

Tangu hapo ndio mwendo wetu. Mwanza tunakwenda wakati shule zimefungwa. Tukiwa huko tunavuka kwa wifi yangu Sengerema. Zamani kuvuka Kigongo hadi Busisi kulikuwa kungoja kivuko, pengine nusu siku. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, ni dakika chache tu. Wifi ana miaka themanini na kitu. Kila nikimpelekea sato ananishukuru, kisha anasema utamu wa ngege, samaki wa asili wa huko, aliyemla utotoni mwake hajauonja tena. Sato na sangara waliletwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na ngege akapotea karibu kote, na furu wa aina nyingi, wale samaki wadogo, nao wakaenda. Ndiyo maana mimi sheria ya sangara naishika hata pasipo askari: asiyefika sentimita 50 unamrudisha. Na wale wakubwa sana mimi nawarudisha vilevile kwa hiari yangu, kwa sababu hao ndio mama wazazi. Nabeba futi ya fundi cherehani kwenye sanduku la mishipi.

Ya mwisho ni Liuli. Tulikwenda mwaka jana, tukapita kwa kitinda mimba Songea, tukashuka Mbinga hadi Mbamba Bay kwa lami mpaka ziwani, njia ambayo mimi nikiwa binti niliijua kwa vumbi na matope. Kaka yangu mkubwa anaishi peke yake. Macho yamekwisha. Alfajiri nilimshika mkono tukaenda kwenye mawe yale yale, wale samaki wadogo wa bluu na manjano wakizunguka miguuni kwetu kama zamani. Nikamvisha mshipi kidoleni. Alitulia muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu bado mtoto, mrudishe." Nikavuta, na kweli alikuwa kambale mdogo asiyezidi shubiri. Tukamrudisha.

Siku ya tatu jioni nilianza kupanga vyombo kwenye gari. Kaka akasikia sufuria zinagongana, akauliza tunaondoka lini. Nikamwambia kesho, wasije wakatupa jembe.

Akasema, "Nani akupe jembe hapa? Mimi silioni hata lilipo. Kaa."

Tukakaa wiki mbili. Baba watoto alimwezekea upya paa la jiko, mimi nikabanika samaki wa kumtosha mwezi mzima.