Meya wa mpakani aliyejua kamera: Toroczkai wa Hungaria

Hamjambo jamani, karibuni tena. Niko Szeged (someni "Seged"), kusini kabisa mwa Hungaria, na baridi ya leo haina adabu. Kila wiki mnaniuliza, "Dada, huko hawakusumbui na mtandio?" Basi ngojeni niwape habari za jirani yangu, László Toroczkai.

Jirani kweli. Ásotthalom, kijiji alichokuwa meya tangu 2013, kipo hapo mpakani na Serbia, unapanda basi moja tu kutoka hapa. Lakini vurugu alizianza zamani. Mwaka 2006 ilivuja kanda ya waziri mkuu Gyurcsány akikiri kikaoni kuwa wamewadanganya wananchi. Toroczkai akaongoza umati hadi televisheni ya taifa, wakitaka madai yao yasomwe hewani. Usiku ule magari yaliteketea.

Mimi nilimjua kwa video yake ya 2015. Wakimbizi wanapita kwa maelfu kwenda Ujerumani, jamaa anatoa nini? Farasi mbio, pikipiki, magari, muziki wa filamu za ngumi, kisha yeye mwenyewe kasimama na walinzi wake anawaambia msipite kwangu, na ramani ya njia nyingine anawawekea! Nasema kama mtu wa kazi hii: kuhariri alijua. Hapo ndipo ninapomwogopa.

Mwaka uliofuata akapiga marufuku hijabu, misikiti na adhana kijijini. Kijiji cha watu kama 4,000, Waislamu wake hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Adhana ya nani sasa? Mahakama ya Katiba ikaifuta amri hiyo 2017, lakini jina lake lilishazunguka dunia.

2018 akagombea uenyekiti wa chama chake, Jobbik, akashindwa, wakamtimua. Akaanzisha chake, Mi Hazánk, yaani Nchi Yetu. 2022 wakapata karibu asilimia 6 ya kura na viti 6 bungeni. Umeya akauacha, akahamia Budapest kwenye maikrofoni kubwa. Januari 2024 akasema Ukraine ikisambaratika, Hungaria idai jimbo la Ukraine lililo mpakani, Transcarpathia. Mtu na mipaka yake!

Haya, swali lenu. Jumamosi moja nilikwenda Ásotthalom na mtandio huu huu. Bibi mmoja alikuwa akiuza paprika mlangoni kwake. Akaniangalia kichwani, akanihesabia chenji mara mbili, polepole, sarafu kwa sarafu. Nikasema "köszönöm", asante. Akaitikia, akarudi ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Paprika yenyewe tamu. Wiki ijayo naipikia mchuzi wa nazi, msikose.