Hakuuza mechi, alipiga hesabu

Walimu wenzangu, habari za asubuhi. Wengi tumeshakutana kwenye semina hizi na mnajua nakuja kusema nini, na nitaendelea kulisema mpaka nione limeingia madarasani. Vilabu vyetu vya chemsha bongo vinakaririsha watoto miji mikuu, marais, mito mirefu, basi. Hesabu ya dau hamna anayeifundisha. Alafu raundi ya mwisho ikifika, ile ya kuweka pointi zako rehani, mtoto anaachwa peke yake pale mbele na mwalimu wake anapiga kelele toka kwenye viti, weka zote, weka zote!

Leo nimekuja na Jeopardy!, ile chemsha bongo ya televisheni ya Marekani, ya tarehe 3 Juni 2019, ile ambayo James Holzhauer aliangushwa. Mchezo wenyewe mnaujua, wachezaji watatu, pointi ni dola, na swali la mwisho kila mmoja anaandika dau lake kwa siri, akipata linaongezwa, akikosa linakatwa. Jamaa alikuwa kashinda mara 32 mfululizo, kibindoni ana dola 2,462,216, zimebaki dola 58,484 tu aifikie rekodi ya pesa aliyoiweka bingwa Ken Jennings mwaka 2004. Kazi yake ilikuwa kubeti michezo huko Las Vegas na mkono ule ule aliingia nao studio, akikuta swali la dau lililofichwa kwenye ubao, Daily Double, anamwaga furushi. Mwezi Aprili alishinda dola 131,127 kwa kipindi kimoja, na mwezi huohuo tarehe 29 akaponea chupuchupu, yeye 54,017 mwenzake Adam Levin 53,999. Dola 18!

Sasa Jumatatu hiyo kakutana na Emma Boettcher, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Chicago, dada ambaye utafiti wake wa shahada ya uzamili ulikuwa juu ya maswali ya Jeopardy! yenyewe, kama kompyuta inaweza kubaini lipi gumu lipi rahisi. James akachagua swali la kwanza kabisa, likawa Daily Double, na hapo hana kitu mfukoni, mwisho wa dau lake dola 1,000. Raundi ya pili Daily Double zote mbili zikaangukia kwa Emma na zote akapata. Wanafika swali la mwisho Emma ana 26,600, James 23,400, wa tatu Jay Sexton ana 11,000.

James akaweka dau la dola 1,399.

Jamani maneno yalivyotoka! Klipu ilikuwa imevuja mtandaoni kabla hata kipindi hakijarushwa, watu wameona dau, hesabu hawajaipiga, wakaanza, kauza mechi huyu, kachoka, hataki kumvunja Jennings. Mpaka leo ukiutaja mchezo huu kuna mtu anakwambia aliuza. Mimi hilo linaniuma, kwa sababu ile ndo hesabu safi kuliko zote nilizowahi kuwaonyesha wanafunzi na inaitwa kuuza.

Haya tuipige pamoja, taratibu. Akiweka zote na kupata, James anafika 46,800. Emma analijua hilo, kwahiyo anaweka 20,201 ili akipata awe na 46,801, dola moja juu. Maana yake Emma akipata, James kashakufa, aweke 10, aweke zote, kafa. Mlango wake mmoja tu umebaki, Emma akose. Emma akikosa anabaki na 6,399. Nani sasa wa kumwogopa? Jay. Jay akiweka zote na kupata ana 22,000. Chukua 23,400 toa 1,399. Ngapi? 22,001. Yani Emma akikosa, James kashinda hata kama na yeye kakosa! Angeweka zote kama mnavyowafundisha watoto, akakosa, anabaki na sifuri na ushindi unaenda kwa mwingine.

Najua kuna mtu anataka kuuliza, je Emma angeweka dau dogo? Swali zuri. Emma angekaa palepale kwenye 26,600, James angehitaji kuweka 3,201 na kupata ndo ampite. Hiyo njia aliiacha, kweli. Lakini anayeongoza kwa tofauti kama ile karibu siku zote anaweka dau la kumzuia wa pili hata akiweka zote, na aliyeandika utafiti juu ya mchezo huu ndo asahau? James alimheshimu mpinzani wake. Swali likaja, mwandishi wa zama za Shakespeare aliyekufa mapema, jibu Christopher Marlowe yule aliyeuawa Deptford 1593, na wote watatu wakapata. Emma 46,801, James 24,799. Kashindwa, na dau lake lilikuwa sahihi vilevile. Hivi ni vitu viwili tofauti na mtoto anaweza kuelewa akifundishwa.

Mbona nang'ang'ania hivi? Nilikuwa na binti, kidato cha tatu, tumefika fainali mahali, ana pointi 40 na anayemfuata ana 15. Kumi na tano mara mbili ni 30! Angeandika sifuri tungeenda na kombe nyumbani. Mwalimu mmoja akapiga ile kelele, mtoto akageuka akamwangalia, akafuta alichoandika, akaweka 40. Akakosa. Njia nzima kwenye basi hakuongea, na muhula uliofuata hakurudi klabu. Alikuwa anajua kila kitu yule mtoto, ila hili moja hatukumfundisha, sisi walimu.

Nilitaka niongee pia habari ya kitufe, kwamba Jeopardy! ukibonyeza kabla taa hazijawaka unafungiwa robo sekunde, kwahiyo watoto wajizoeze kwa kidole na siyo kwa kichwa tu, na nilikuwa na neno kuhusu wanaoandika maswali yetu, ila naona naonyeshwa saa.

Basi chukueni karatasi hizi. Ni mchezo wa 30 Novemba 2004, ule Jennings alioangushwa baada ya ushindi 74. Kabla ya swali la mwisho yeye ana 14,400, Nancy Zerg ana 10,000. Jennings kaweka 5,601, Nancy kaweka 4,401. Jennings kaandika FedEx, kakosa. Nancy kaandika H&R Block, kapata, kamaliza na 14,401. Niandikieni kwanini 5,601 na kwanini 4,401, kila namba na sababu yake, nazikusanya baada ya chai.