Utumbo Uliojimeza: Kumtazama Mtu Mzima kwa Siti Skani

Wenzangu, asanteni kwa kuja na joto hili la Mombasa. Mkivua kanzu iliyogandana na jasho, mkono wake hujivuta ukaingia ndani yake wenyewe. Kitambaa huwa tabaka tatu. Basi utumbo nao hujimeza hivyo hivyo.

Kwa mtoto, mara nyingi sababu haionekani. Mtu mzima ni nadra, takriban asilimia 5 tu ya wagonjwa wote wa hali hii, ila wengi wao huwa na kitu kilichouvuta utumbo: uvimbe wa mafuta, polipu (kinyama kinachoota ndani ya utumbo), kovu la upasuaji wa zamani, saratani. Tena mara nyingi haji na kinyesi cha damu na makamasi kama mtoto. Huja na maumivu ya kuja na kuondoka, pengine kwa miezi. Nyumbani wameshasema ni chango, na dawa za vidonda vya tumbo ameshazimaliza. Mtu huyu ananiuma sana, kwa sababu anateseka na kila mtu anamwona mzima.

Tazameni picha hii ya siti skani (CT), eksirei inayoonyesha mwili kama umekatwa vipande vipande. Utumbo umekatwa kama bamia: duara ndani ya duara, na katikati mwezi mwembamba mweusi. Weusi huo ni mafuta ya utando unaobeba mishipa ya damu, yamevutwa ndani pamoja na mishipa yake. Mahali pake si ndani ya utumbo. Ukiyaona humo, ugonjwa umeupata. Kwa urefu, utaona kama soseji.

Nawasihi msiishie kwenye duara. Fuateni mpaka ncha ya utumbo ulioingia, mtafute kilichouvuta. Uvimbe wa mafuta utakuwa mweusi sawa na mafuta ya chini ya ngozi. Kwenye utumbo mpana, iwazieni saratani kwanza. Kwa mwenye VVU, kumbukeni saratani mbili: limfoma, ya seli za kinga, na Kaposi, ya seli za kuta za mishipa.

Wapo pia waliopigwa picha kwa jambo jingine kabisa, tukakuta kipande kifupi cha utumbo mwembamba, chini ya sentimita 3.5, hakuna uvimbe, hakuna kuziba. Hicho aghalabu hujiachia chenyewe. Msikimbilie kisu.

Lakini ukuta wa utumbo usipong'aa baada ya dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, au ukiona hewa ndani ya ukuta, damu haifiki. Usisubiri ripoti ichapwe. Mpigie daktari wa upasuaji mgonjwa akiwa bado yuko kwenye mashine.