Ile Asilimia 16 Haijawahi Kuwa Yako

(Mhadhara kwa wenye karakana na maduka, Kariobangi, Nairobi)

Hamjambo ndugu zangu? Kabla sijawa mhasibu nilikuwa na karakana ya madawati si mbali na hapa. Kwa hiyo leo nitaizungumzia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kama mtu iliyemuuma.

Tuchukue madawati hayo hayo. Nimenunua vyuma na mbao za shilingi 300,000. Muuzaji ameongeza asilimia 16, yaani 48,000, nami nimelipa. Nimekata, nimechomelea, nimepiga randa na kupaka rangi, kisha nimeuza kwa 500,000 na kuongeza kodi ya 80,000. Hizo 80,000 nimeshikishwa tu, mwenyewe ni serikali. Lakini kabla ya kuzipeleka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, natoa zile 48,000 nilizokwisha lipa dukani, nawasilisha 32,000. Pigeni hesabu: 32,000 ni asilimia 16 ya 200,000, thamani ambayo mikono yangu imeongeza juu ya vyuma na mbao. Jina la kodi limetoka hapo. Wafaransa waliianza 1954. Sisi tuliipokea 1990 mahali pa kodi ya mauzo.

Sasa twende kaunta ya muuza vyuma. Anakuuliza, "Na risiti au bila?" Bila risiti bei inashuka, nawe unaondoka na kikaratasi cha kalamu chenye alama ya kidole cha grisi. Unadhani umeokoa. Ikiwa umesajiliwa VAT, umejikata mwenyewe, kwa sababu zile 48,000 hazidaiwi kwa mdomo. Zinadaiwa kwa ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, yenye PIN yako, yaani namba yako ya mlipa kodi, na ndani ya miezi sita. Huna ankara, basi 80,000 zote zinatoka. Isitoshe, tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi hata kwenye kodi ya mapato. Kikaratasi kile kinakuumiza mara mbili.

Lililonivunja mimi lilikuwa tarehe. Niliipelekea shule moja madawati mwezi Machi, pamoja na ankara. Sheria inahesabu kodi kuanzia pale unapopeleka mali, kutoa ankara au kupokea pesa, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo kufikia tarehe 20 Aprili nilitakiwa niwe nimelipa, na shule haikuwa imenipa hata shilingi. Mhasibu wao aliniambia kila wiki, "Hundi iko mezani kwa mkurugenzi." Nilikopa kwenye chama chetu cha akiba nikalipa kodi ya pesa ambayo sijaiona. Ningechelewa, kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Shule ililipa Septemba. Sheria inakuruhusu kuomba urejeshewe kodi ya deni lililoshindikana, ila ni baada ya miaka, si miezi. Mfanyakazi wa karakana halipwi kwa miaka!

Hapa nasema wazi: naiona sheria hii inamwonea mdogo. Uingereza mfanyabiashara mdogo anaweza kuchagua kulipa VAT pale anapolipwa. Sioni kwa nini fundi wa Kariobangi asipewe nafasi hiyo.

Shule nayo ilikuwa na kilio chake, na ni vizuri mkielewe, kwa maana wateja wengi wako hivyo. Huduma ya elimu imesamehewa VAT. Mnasikia "imesamehewa" mnafurahi. Aliyesamehewa hamtozi mzazi VAT, kweli, lakini pia hana pa kuidai aliyolipa yeye. Zile 80,000 za madawati zilikwama shuleni, na mwishowe zinaingia kwenye karo. Mwoka mikate yuko kwingine kabisa: mkate wa kawaida unatozwa asilimia sufuri, kwa hiyo VAT ya mashine na umeme anaidai arudishiwe. Mnakumbuka Muswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuutoa mkate kwenye sufuri hiyo. Watu walikasirika, na walikuwa na haki.

Jambo jingine ni bei ya mdomo. Mteja anakuuliza geti ni ngapi, unajibu "laki moja" bila kutaja kodi. Umeshasema. Katika laki hiyo, shilingi 13,793 ni VAT, wewe unabaki na 86,207, na hapo hujanunua hata fimbo ya kuchomelea. Taja kodi kabla hamjapeana mikono.

Kujisajili ni lazima mauzo yako yakifika milioni 5 kwa miezi 12. Chini ya hapo ni hiari. Ukiwauzia kampuni zilizosajiliwa, jisajili, zinataka ankara yako zidai. Ukiwauzia majirani wa mtaani, ngoja kwanza, maana asilimia 16 wataiona kama bei imepanda.

Mimi baada ya mwaka ule nilifungua akaunti ya pili benki. Mteja akilipa, VAT inahamia huko siku hiyo hiyo, kabla ya kodi ya nyumba, kabla ya mishahara. Aliyekuja na ankara zake za mwezi huu azilete hapa mezani tuzipange pamoja, za kununua kushoto, za kuuza kulia.